Haki za majeruhi wa viwanja vya burudani (Tanzania)

Haki za majeruhi wa viwanja vya burudani nchini Tanzania ni haki anazopewa na sheria mtu aliyeumia mahali palipofunguliwa kwa michezo au starehe, kwa mfano kwenye trampolini, puto la kurukia, bembea, bwawa la kuogelea au ukumbi wa disko la watoto. Iliyo kuu kati yake ni haki ya kulipwa fidia pale ajali ilipotokana na uzembe wa mwenye kiwanja au wafanyakazi wake.

Hakuna sheria moja ya Bunge inayohusu viwanja hivyo peke yake. Haki za majeruhi zimetawanyika katika sheria ya madhara, Sheria ya Mikataba, Sheria ya Ukomo, Sheria ya Ushindani na nyinginezo. Makala hii inahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za madai.

## Viwanja na ajali zake

Trampolini ni fremu ya chuma iliyotandikwa kitambaa imara kilichovutwa kwa springi, ili mtu akiruka arushwe juu. Ya kisasa ilitengenezwa mwaka 1934 huko Iowa, Marekani, na George Nissen pamoja na Larry Griswold. Mchezo wake uliingia katika Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney. Viwanja vya biashara vyenye trampolini nyingi zilizounganishwa vilianza Marekani miaka ya 2000 na kuenea hadi miji mikubwa ya Afrika.

Katika miji midogo ya Tanzania kinachojulikana zaidi ni puto la kurukia linalojazwa hewa kwa mashine, pamoja na bembea za kuzunguka zinazohamishwa kutoka mji hadi mji. Vifaa hivi huonekana zaidi nyakati za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya. Mtoto wa kijijini, kwa mfano wa kata ya Mofu katika bonde la Kilombero, huvikuta anapopelekwa mjini Ifakara kwa sikukuu, au pale mfanyabiashara anapovileta karibu na kijiji.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza mwaka 2012 kwamba takribani robo tatu ya majeraha ya trampolini hutokea watu wengi wanaporuka kwa pamoja, na kwamba mdogo kuliko wote ndiye aumiaye zaidi. Uzito wa mkubwa anapotua humrusha mdogo bila yeye kutarajia. Majeraha ya kawaida ni kuteguka na kuvunjika mikono na miguu. Yaliyo mabaya zaidi ni ya shingo na uti wa mgongo.

Hatari kubwa ya puto la kurukia ni upepo. Tarehe 16 Desemba 2021 huko Devonport, Tasmania (Australia), puto la shule liliinuliwa na upepo na watoto sita wakafa.

Tanzania nayo imeonja msiba wa aina hii. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora kwa kukanyagana na kukosa hewa katika disko toto lililojaa kupita kiasi. Tangu hapo makamanda wa polisi katika mikoa mbalimbali wamekuwa wakipiga marufuku disko toto nyakati za sikukuu. Marufuku hiyo huzuia ajali ijayo. Haki ya aliyekwisha kuumia hutafutwa kwa njia nyingine, ambayo ni madai ya fidia.

## Msingi wa sheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 107A, inazitaka mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika kwa makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria zilizotungwa na Bunge. Ibara hiyo pia inazitaka kutochelewesha haki bila sababu ya msingi.

Sheria ya madhara yenyewe haikuandikwa katika kitabu kimoja. Kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi ya Sheria (Sura ya 358), mahakama za Tanzania Bara hutumia kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kadiri zinavyofaa kwa mazingira ya nchi. Hukumu za Kiingereza za baada ya hapo hazilazimishi, ila mahakimu na majaji huzitumia kama mwongozo. Mojawapo ni ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932. Hukumu hiyo ilisema kwamba mtu ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa wote anaoweza kutazamia kuwa kitendo chake kitawadhuru.

Kuhusu wenye majengo na viwanja, hukumu kongwe ni ya Indermaur dhidi ya Dames ya mwaka 1866. Ilisema kwamba aliyemkaribisha mtu kwa shughuli ya biashara anapaswa kuchukua tahadhari za kutosha kumlinda dhidi ya hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye mahali anaijua au alipaswa kuijua. Mtoto aliyelipiwa kiingilio yumo katika kundi hilo.

Kwa watoto sheria inadai uangalifu zaidi. Katika shauri la Lynch dhidi ya Nurdin la mwaka 1841, mwenye mkokoteni aliyeuacha barabarani bila mwangalizi aliwajibika mtoto alipoupanda na kuumia. Mtoto hatarajiwi kuwa na busara ya mtu mzima, na kitu kinachomvuta kucheza kinamwongezea mwenyewe wajibu wa kukilinda.

## Mambo ya kuthibitisha

Kuumia peke yake hakuleti fidia. Anayedai, yaani mdai, anatakiwa kuthibitisha mambo manne:

1. kwamba mwenye kiwanja alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake;
2. kwamba alivunja wajibu huo;
3. kwamba kuvunja huko ndiko kulikosababisha jeraha;
4. kwamba kuna hasara au maumivu yanayoweza kufidiwa.

La kwanza kwa kawaida si gumu, kwa sababu kiingilio chenyewe kinalionyesha. Mabishano huwa juu ya la pili. Dalili za uzembe ni kama hizi: springi zisizofunikwa, kitambaa kilichochanika, puto lisilofungwa kwa vigingi, watoto wakubwa na wadogo kuchanganywa, kukosekana kwa mwangalizi, au kuendelea kuuza tiketi huku nafasi imejaa.

Kiwango cha uthibitisho katika madai ni uzito wa uwezekano: upande unaoelekea zaidi kuwa kweli ndio unaoshinda. Hakihitajiki kiwango cha kesi ya jinai, ambako shaka yoyote ya msingi humwokoa mshtakiwa. Tena zipo ajali zinazojieleza zenyewe. Bembea ikikatika mnyororo ikiwa na mtoto, mahakama inaweza kuona kwamba jambo la namna hiyo halitokei bila uzembe, na hapo mwenye bembea ndiye atakayetakiwa kutoa maelezo.

## Nani anawajibika

Mara nyingi zaidi ya mtu mmoja wanaweza kudaiwa:

* Mwendeshaji wa kiwanja, yaani yule anayepokea viingilio na kusimamia michezo. Mwajiri huwajibika pia kwa uzembe wa wafanyakazi wake wakiwa kazini, hata kama yeye mwenyewe hakuwepo.
* Mwenye jengo au eneo, ikiwa hatari ilitokana na jengo lenyewe, k.mf. ukuta uliobomoka au mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli.
* Mtengenezaji au muuzaji wa kifaa, ikiwa kilikuwa kibovu tangu kilipouzwa.
* Mchezaji mwingine, ikiwa alimwumiza mwenzake kwa makusudi au kwa utovu wa uangalifu.

Kabla ya kuandika barua yoyote ni lazima kumjua hasa nani mwenye biashara. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri, kwa hiyo ofisi ya biashara ya halmashauri ndipo pa kuanzia kuuliza. Kampuni huandikishwa na BRELA. Mfanyabiashara anayehamahama na puto lake huweza kuondoka mjini siku ya pili ya sikukuu, hivyo jina lake kamili, namba yake ya simu na namba ya gari lake vinapaswa kuchukuliwa siku ileile.

## Tangazo la "hatuwajibiki"

Viwanja vingi hubandika tangazo kwamba mwenye kiwanja hawajibiki kwa ajali yoyote, au huandika hivyo nyuma ya tiketi. Wazazi wengi hukata tamaa wakilisoma. Hata hivyo, tangazo la namna hii halifuti haki kwa urahisi.

Kwanza, sharti la namna hiyo lina nguvu tu ikiwa mteja alijulishwa kabla ya kulipa. Lililobandikwa ndani, mahali anapopaona akiwa amekwisha kuingia, limechelewa. Pili, maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Tatu, chini ya Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) mtu asiyetimiza umri wa miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba, hivyo saini ya mtoto kwenye fomu ya kujitoa lawamani haimfungi. Nne, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu na mienendo isiyo ya haki katika biashara. Malalamiko ya aina hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani.

Tangazo linaloeleza hatari na kanuni za mchezo ni jambo tofauti. Likiwa wazi na likifuatwa na usimamizi, linaweza kumsaidia mwenye kiwanja kuonyesha kwamba alichukua tahadhari.

## Utetezi wa mwenye kiwanja

Mwenye kiwanja anaweza kujitetea kwamba majeruhi alikubali hatari kwa hiari yake. Utetezi huu una mipaka. Anayeruka kwenye trampolini anakubali hatari za kawaida za kuruka, kama kujikwaa. Hakubali springi iliyokatika wala msimamizi aliyekwenda kunywa chai.

Anaweza pia kusema kwamba majeruhi alichangia ajali kwa uzembe wake. Hapo mahakama hugawa lawama na kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango huo. Kwa mfano, hasara ikiwa Sh. 2,000,000 na majeruhi akionekana kuchangia robo, atalipwa Sh. 1,500,000. Kwa mtoto kipimo ni uangalifu unaotarajiwa kwa mtoto wa umri wake.

## Hatua za kuchukua

### Matibabu na fomu ya PF3

Jambo la kwanza ni uhai. Aliyeangukia kichwa au shingo asinyanyuliwe ovyo wala kukalishwa. Alazwe bila kutikiswa hadi apatikane mtu mwenye ujuzi. Kiungo kilichovunjika kifungwe kwa kibao ili kisicheze.

Kwa majeraha hospitali nyingi hudai fomu ya polisi namba 3, ijulikanayo kama PF3, inayotolewa kituo cha polisi. Aliye katika hatari ahudumiwe kwanza, na ndugu mmoja aende kufuata fomu. Daktari huandika ndani yake aina ya jeraha na ukubwa wake. Madai ya fidia yanaweza kufunguliwa bila fomu hiyo, lakini ni ushahidi mzuri wa tarehe na jeraha, kwa hiyo inafaa kubaki na nakala kabla ya kuirudisha polisi.

Katika bonde la Kilombero, wagonjwa wenye mivunjiko mikubwa hupelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransis iliyopo Ifakara. Familia nyingine huanza kwa mganga wa kuunga mifupa kijijini. Kisheria tatizo ni kwamba mganga huyo hatoi picha ya eksirei wala stakabadhi. Kitabibu kuna hatari nyingine: mfupa wa mtoto ukivunjika karibu na maungio unaweza kujeruhi sehemu ambayo mfupa hukulia, na mkono au mguu ukaja kupinda au kuwa mfupi baada ya miaka. Jeraha la namna hiyo lahitaji kufuatiliwa na daktari hata baada ya maumivu kwisha.

### Kukusanya ushahidi

Ushahidi wa kiwanja hupotea upesi. Springi hubadilishwa na puto hukunjwa. Vinavyofaa kukusanywa siku ileile, au kesho yake, ni:

* picha za simu za kifaa, matangazo, na mahali ajali ilipotokea;
* majina na namba za simu za mashahidi wawili au watatu wasio ndugu;
* tiketi au ujumbe wa malipo ya kiingilio kwa simu;
* nguo zilizochanika au zenye damu, bila kufuliwa;
* stakabadhi zote za dawa, vipimo, nauli na chakula cha hospitali;
* maelezo ya ajali yaliyoandikwa mapema, yenye saa na tarehe.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu picha na ujumbe wa simu kupokelewa mahakamani, mradi uhalisi wake uonyeshwe. Kwa sababu hiyo simu iliyopiga picha isiuzwe wala picha zisifutwe.

### Kutoa taarifa

Ajali inafaa kuandikwa katika kitabu cha matukio cha kiwanja, kama kipo, na kuripotiwa polisi. Taarifa inaweza kupelekwa pia kwa wakala wa usalama na afya mahali pa kazi (OSHA). Sheria yake ya mwaka 2003 inawalinda hata wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za mahali hapo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua kumbi na njia zake za dharura. Ripoti za wakaguzi huwa ushahidi, na huweza kuwaokoa watoto wengine.

### Barua ya madai na mapatano

Kabla ya kwenda mahakamani ni desturi kumwandikia mwenye kiwanja barua ya madai. Hueleza ajali, kosa lake, hasara iliyopatikana na muda anaopewa kujibu, kwa mfano siku 14 au 30. Barua hukabidhiwa kwa saini.

Mashauri mengi huishia hapa kwa mapatano, mara nyingine mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Mapatano ni halali na huokoa gharama. Hatari yake ni haraka. Siku ya ajali, familia ikiwa haina hata nauli, hupewa fedha kidogo na karatasi yenye maneno kwamba hawatadai tena. Mtu mzima aliyesaini karatasi hiyo kwa hiari atapata shida kudai zaidi. Njia salama ni kupokea fedha za matibabu kwa stakabadhi inayosema "msaada wa matibabu", bila kufunga madai, hadi daktari aeleze kama jeraha litaacha kilema. Shauri la mtoto likiwa limekwisha kufunguliwa, mlezi wake hawezi kulimaliza kwa mapatano bila ruhusa ya mahakama.

### Kufungua shauri

Madai ya uzembe hayapelekwi Mahakama ya Mwanzo. Hufunguliwa katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kwa wakazi wa Mofu na jirani zake ni Mahakama ya Wilaya ya Kilombero mjini Ifakara. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mahakama hizo zinaweza kusikiliza madai ya fedha yasiyozidi Sh. 200,000,000. Kipimo hicho hutazama hasara mahsusi. Fidia ya maumivu, inayokadiriwa na mahakama yenyewe, haihesabiwi.

Mtoto hafungui shauri mwenyewe. Hufunguliwa kwa jina lake kupitia mtu mzima anayemwakilisha, ambaye kwa kawaida ni mzazi au mlezi. Baada ya hati ya madai na utetezi kubadilishana, kuna hatua ya usuluhishi chini ya mahakama, utaratibu ulioanza mwaka 1994. Usipofanikiwa, shauri husikilizwa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo linalompunguzia mdai wa kawaida ugeni wa mahali hapo.

## Muda wa kudai

Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo (Sura ya 89), madai yatokanayo na madhara hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya tukio. Madai ya fidia kwa kitendo kilichofanywa katika kutekeleza sheria iliyoandikwa yana muda wa mwaka 1 tu. Barua za kudai na mazungumzo ya mapatano hayasimamishi saa hiyo. Mwenye kiwanja anayesema "subiri mwezi ujao" anaweza kumfikisha mdai nje ya muda.

Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18. Lakini fedha alizotumia mzazi kwa matibabu ni hasara ya mzazi, na muda wake unakwenda tangu siku ya ajali. Tena mashahidi husahau na kuhama. Kuchelewa kunakoruhusiwa na sheria bado kunaweza kuua shauri.

## Aina za fidia

Fidia mahsusi ni hasara inayohesabika: matibabu, nauli, mshahara uliopotea. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe (1992), ilisisitiza kwamba hasara ya aina hii lazima itajwe wazi katika hati ya madai na kuthibitishwa. Shilingi isiyo na stakabadhi ni vigumu kulipwa.

Fidia ya jumla ni malipo ya maumivu, kilema, kupoteza raha ya maisha na kupungua uwezo wa kujipatia riziki siku zijazo. Hukadiriwa na mahakama, nayo inapaswa kutoa sababu za kiasi inachoamua. Ripoti ya daktari kuhusu kiwango cha ulemavu ndiyo nguzo yake.

Majeruhi akifa, Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Ajali za Vifo na Masharti Mengineyo), Sura ya 310, inawapa wategemezi haki ya kudai. Shauri hufunguliwa kwa kawaida na msimamizi wa mirathi.

## Kiwanja cha shule au cha serikali

Bembea nyingi za vijijini zimo katika shule za umma. Anayetaka kuishtaki Serikali, halmashauri au taasisi ya umma lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa Kilombero maana yake ni kwenda Morogoro, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara. Shauri lililofunguliwa bila notisi hutupwa hata kama madai ni ya kweli, na siku 90 hizo lazima zipangwe mapema ili muda wa ukomo usipite.

## Mfanyakazi wa kiwanja

Mfanyakazi anayeumia kazini ana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na waajiri. Mfuko hulipa matibabu na fidia bila mfanyakazi kulazimika kuthibitisha uzembe wa mwajiri.

## Upande wa jinai

Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) inaadhibu vitendo vya uzembe vinavyohatarisha maisha, na kifo kilichotokana na uzembe uliokithiri kinaweza kuwa kosa la kuua bila kukusudia. Kesi ya jinai huendeshwa na Jamhuri. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru amlipe fidia aliyeumia, lakini familia isisubiri kesi hiyo iishe huku muda wa madai ukipita.

## Mfano wa kufikirika

Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi 2016 anapelekwa na baba yake kutoka Mofu hadi Ifakara. Tarehe 1 Juni 2025 anavunjika kiwiko kwenye puto lililoruhusiwa watoto 11 wa umri wowote, bila mwangalizi. Baba anatumia Sh. 340,000 kwa matibabu na Sh. 100,000 kwa nauli. Mwenye puto anatoa Sh. 100,000 na karatasi ya kusaini.

Fidia mahsusi ni Sh. 440,000, ambayo baba lazima aidai kabla ya tarehe 1 Juni 2028. Akipokea ile Sh. 100,000 kama msaada wa matibabu, hupunguzwa katika hesabu na kubaki Sh. 340,000. Madai ya mtoto mwenyewe, ya maumivu na kilema kama kitakuwepo, yanaweza kufunguliwa sasa kupitia baba, au na mtoto mwenyewe baada ya kutimiza miaka 18 tarehe 1 Machi 2034, kabla ya tarehe 1 Machi 2037. Kiwiko kisiponyooka akiwa na miaka 12, yale madai ya pili yatakuwa makubwa kuliko ya kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya kutosaini siku ya ajali.

## Msaada wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, ambao huwasaidia wasio na uwezo kuandika barua na kuelewa taratibu. Mkoani Morogoro kinafanya kazi pia Kituo cha Wasaidizi wa Kisheria Morogoro. Mtu fukara anaweza kuomba kusamehewa ada za mahakama.

Inashauriwa kujihadhari na vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili ambamo jina la wakili linaweza kuhakikiwa.

## Katika nchi nyingine

Uingereza iliacha kanuni ya mwaka 1866 kwa kutunga sheria ya wajibu wa wenye majengo mwaka 1957. Kwa kuwa ilitungwa baada ya 1920, haitumiki Tanzania. Kenya ina sheria yake ya namna hiyo (Sura ya 34), inayomtaka mwenye mahali awe na wajibu mmoja wa uangalifu kwa wageni wote halali. Muda wa kudai madhara nchini Kenya nao ni miaka 3. Hivyo msafiri wa Tanzania aliyeumia Nairobi au Mombasa atafuata sheria ya Kenya, lakini kazi yake ya kwanza ni ileile: kutibiwa, kutunza karatasi na kutosaini kwa haraka.